Jicho la Saloni

Wezi waliingia kwetu Rwambuzi, mtaa wa Bunia, mchana, watoto wakiwa shuleni, mimi kwenye butike, duka langu, na mama yangu akiwa kwenye maombi ya shirika, jumuiya ndogo ya kanisa. Walivunja kufuli ya mlango wa mbele, wakabeba televizyo na batri kubwa ya sola. Jirani yetu, mama mmoja aliyehamia Bunia na watu wake kutoka Butembo, anayeuza unga na mafuta mbele ya parseli yake, yaani kiwanja chake, aliwaona wakitoka. Hakushtuka. Mimi ninauza taa za sola, batri na nyaya katikati ya mji, na mara nyingi vitu vyangu huingia na kutoka nyumbani mikononi mwa watu asiowajua.

"Niliona batu banabeba batri," aliniambia, mkono kifuani. "Nikasema, ni kazi ya mama wa butike. Hata nilibasalimia."

Sikumlaumu. Lakini mtu aliyeibiwa hutafuta mahali pa kuweka hasira yake, na mimi nilipata mahali haraka.

Mama yangu alikuja kuishi nami baada ya baba kufa. Maisha yake yote aliyapitisha kando ya ziwa, Mahagi-Port, katika nyumba ambayo mlango wake ulifungwa wakati wa kulala tu. Aliyepita alikaa, aliyekaa alikula. Alipofika Bunia, watu wa kule walimfuata. Siku za soko, wanawake waliokuja na ndagala zao, samaki wadogo wa ziwani, walipitia kwetu kumsalimia kabla ya kupanda gari la kurudi. Waliingia na mabeseni yao, wakakaa saloni, yaani sebuleni, kwenye viti vyangu, wakaongea lugha ya kwetu kwa sauti ya watu waliozoea kuongea mbele ya upepo. Jioni niliporudi, vitambaa vya viti vilikuwa vinanuka samaki. Nilifungua madirisha bila kusema kitu, na mama aliniona nikifungua.

Jioni ya wizi, mume wangu alinipigia simu. Yeye hutengeneza mashine za kusaga mawe upande wa Bambu na hurudi mara chache. Aliniuliza ninamshuku nani. Nilimjibu nikiwa nimesimama katikati ya saloni, nikitazama ukuta mtupu pale televizyo ilipokuwa:

"Sijui. Lakini tangu bageni ya mama banaanza kuingia humu, kila mutu anajua vitu yetu inakalaka wapi."

Niliongea kwa Kiswahili, kwa sababu mume wangu si wa kwetu. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi.

Wiki iliyofuata niliagiza kengele ya wezi kwa mfanyabiashara anayeniletea mizigo kutoka Kampala. Fundi sikumtaka. Baba alikuwa fundi wa redio, na utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi na kumpa turnevisi, bisibisi yake, kabla hajaiomba. Nyaya hazinitishi. Kisanduku kilikuja na sirene ndogo nyeupe, sumaku mbili za mlangoni, na telekomande mbili, yaani rimoti, za kuning'iniza pamoja na ufunguo. Sumaku moja inakaa kwenye fremu, nyingine kwenye mlango. Zikiachana wakati kengele imewashwa, sirene inalia. Nilifanya kazi hiyo Jumapili baada ya misa. Niliunganisha sirene na batri mpya ya sola, nikaificha juu ya dari, na ilipofika saa ya kuijaribu, nilifungua mlango nikiwa natabasamu.

Sikujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kupiga kelele namna ile. Niliziba masikio, nikaanza kutafuta telekomande, ambayo nilikuwa nimeiacha juu ya kabati. Nilipoipata na kuzima, nilisikia kelele nyingine huko nje: milango inafungwa, watoto wanaitwa kwa majina yao yote. Nilitoka na turnevisi mkononi. Jirani wa Butembo alikuwa tayari barabarani, mtoto mgongoni, mfuko wa karatasi za familia kwapani, na unga wake ameuacha mezani. Nyuma yake walikuwa wengine, wamesimama kwenye mageti wakitazama upande ambao kila mtu wa mji huu, tangu miaka ya vita, hutazama kwanza akisikia kitu asichokielewa.

"Ni mimi," nikasema. "Ninajaribu tu kengele ya nyumba."

Jirani alimshusha mtoto. Akakaza kitenge kiunoni.

"Mama wa butike," akasema polepole, "kelele ya vile, tangaza mbele. Siye tulisha kimbia ya kutosha."

Nilipita geti kwa geti kuomba msamaha. Walinipokea vizuri, ndiyo maana aibu ilikuwa nzito. Mzee mmoja alinipa hata kiti. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikatia pamba ndani ya sirene ili sauti ipungue, na mama akaniambia katika lugha ya kwetu, "Kazi nzuri. Baba yako angefurahi." Sikuweza kujua kama ananicheka.

Ningeishia hapo ningekuwa na aibu moja tu. Lakini mlango wetu wa mbele ni wa mbao, unavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua, na sumaku zilianza kuachana zenyewe. Nikaamua kuongeza. Niliagiza kisanduku kikubwa zaidi, chenye nafasi ya laini ya simu, na jicho la kuona mtu anayetembea. Kitu kikipita mbele ya jicho, kisanduku kinanipigia mimi kwanza popote nilipo. Nikichelewa kuzima kwa simu, ndipo sirene inalia. Nilitoboa ukuta juu ya mlango wa koridoo, nikafunga jicho kwa vise nne, yaani skrubu, likaangalia saloni nzima na mlango wa mbele. Lilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka kila ulipopita. Nilipita mara nyingi siku ile, huku na huku, nikifurahia kuonekana.

Kisha nikamwita mama.

"Asubuhi nikitoka nitakuwa ninaiwasha," nilimwambia. "Usipite saloni. Chumba chako, koridoo, mlango wa nyuma, jikoni, choo, kote huko ni kwako. Hapa tu ndipo usipite."

Alitazama jicho, akatazama viti.

"Na mgeni akija?"

"Mgeni aje jioni, nikiwa nyumbani."

"Wale wa ziwa hawawezi jioni. Wanawahi gari."

"Basi Jumapili."

Akasema, "Ndiyo, mama." Kwetu mzazi humwita binti yake mama akimpenda, na pia akiwa amemaliza kubishana naye. Nilichukua maana ile ya kwanza.

Telekomande ya pili ilikuwa ndani ya droo, bado katika plastiki yake. Ningeweza kumpa. Ingetosha kumwonyesha kitufe cha kuwasha na kitufe cha kuzima, mtu ambaye kwa miaka mingi aliuza samaki kwa fedha za nchi mbili bila kukosea. Nilijiambia kwamba ni mzee, atasahau, atabonyeza vibaya na kukimbiza mtaa tena. Nilijiambia pia kwamba ile ya pili ni ya mume wangu.

Siku za kwanza simu ililia nikiwa butike. Nilizima, kisha nikampigia mama kwenye kisimu chake.

"Mama, ulipita saloni?"

"Nilitafuta rozari yangu. Nilidhani niliiacha kwenye kiti."

"Uniambie mimi, nitaitafuta nikirudi."

Siku nyingine alikuwa amemfukuza kuku aliyeingia. Siku nyingine alisema hakupita, na nilijua alipita, na nikamwambia kwamba ninajua. Wateja walikuwa mbele yangu. Mmoja, mwanamume wa umri wa mama, aliweka taa aliyokuwa anaichagua akasema atarudi. Baadaye simu ikanyamaza. Wiki nzima haikulia, na wiki iliyofuata pia. Niliwasifia wateja kifaa kile. Nilisema mashine imezoea nyumba.

Siku moja ya soko nilifunga butike mapema, maana mawingu meusi yalikuwa yanakuja na wateja wamekwisha kukimbia. Pikipiki iliniacha mwanzo wa barabara yetu, nikamalizia kwa mguu. Kwa mbali niliona wanawake watatu wamekaa nje ya geti letu, kando ya barabara, kama watu wanaongoja gari. Wawili walikuwa na mabeseni yaliyofunikwa, mmoja wao akinyonyesha. Wa tatu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mbele yake, chini, juu ya sinia, kulikuwa na vikombe vya plastiki na sahani ya viazi vitamu.

Alikuwa mama yangu. Alikuwa anawakaribisha wageni wake barabarani.

Pikipiki ilipita, vumbi likapanda, na nikaona mama akifunika sahani kwa mkono, kisha akaifunua tena na kuendelea na maneno yake. Alifanya hivyo kwa urahisi wa mtu aliyekwisha kufanya mara nyingi.

Niliwafikia. Wakasimama kunisalimia. Yule mkubwa, mwanamke mwenye mvi ambaye nakumbuka alinibeba nikiwa mdogo, alinishika mikono yote miwili.

"Binti yetu," akasema katika lugha ya kwetu, "Mungu abariki kazi ya mikono yako. Mama ametuambia mnamwaga saruji saloni."

Nilimtazama mama. Alikuwa anapanga vikombe.

"Kazi ya saruji ni ya polepole," mgeni akaendelea. "Ikikanyagwa kabla ya kukauka inaharibika. Sisi hatuna haraka. Hapa kuna hewa."

Sakafu yetu ni ya saruji tangu siku tulipojenga. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuikanyaga. Nilijua hivyo, mama alijua hivyo, na nadhani mgeni pia alijua. Nilifungua mdomo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Bado haijakauka."

Uso wangu uliwaka hadi masikioni. Jirani wa Butembo alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye meza yake ya unga. Hakuelewa lugha, lakini alielewa sura yangu, akageukia upande mwingine.

Mvua ikaanza palepale. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Matone makubwa yalipiga mabeseni, mtoto akalia, na wanawake wakaanza kufunika ndagala kwa vitenge vyao wenyewe. Mama alisimama akatazama huku na huku kama mtu asiye na nyumba. Macho yake hayakuelekea mlangoni kwetu. Yalielekea paa la jirani.

"Ingieni," nikasema. "Ingieni ndani, jamani."

Nilitangulia, nikabonyeza telekomande, nikafungua mlango wa mbele. Jicho likawasha taa yake nyekundu mara moja, likazima. Wageni walifika kizingitini wakasimama. Mbele yao kulikuwa na sakafu kavu, ya zamani, yenye ufa wake uleule unaotoka mlangoni hadi chini ya meza. Nilingoja mmoja aseme kitu. Nilitamani waseme, wacheke hata.

Yule mwenye mvi alivua ndara zake. Akazishika mkononi, akainua kitenge kidogo, akapita pembeni kabisa, kwa ncha za vidole, ubavu wake ukigusa ukuta, kama mtu anayekwepa saruji mbichi. Mwenzake alimtazama, kisha akavua naye, akapita vilevile na mtoto wake kifuani. Walifika kwenye viti wakakaa pembeni, magoti pamoja.

"Imetoka vizuri," mkubwa akasema akiitazama sakafu. "Iacheni siku chache."

Mama alipita mwisho. Naye alipita ukutani.

Nilienda jikoni kuchemsha chai, nikakaa huko zaidi kuliko chai ilivyohitaji. Maji yalichemka yakapungua. Niliogopa kurudi na kukuta miguu ile mitupu, imepauka kwa vumbi la barabara, imekunjwa chini ya viti ili isiharibu kazi ambayo haikuwepo. Niliporudi na birika walikuwa wanaongea habari za ziwa, nani amezaa, nani amevuka kwenda upande wa Uganda, na waliniingiza katika maneno yao kwa upole, kama mgonjwa. Mvua ilipokatika waliaga. Hawakuacha hata kipande cha ndagala kwenye kiti. Walipita ukutani tena hadi mlangoni, wakavaa ndara zao nje.

Nilibaki na mama. Alikuwa anakusanya vikombe.

"Kwa nini uliwaambia saruji?" nikauliza.

"Ulitaka niwaambie nini?"

"Ungewapitisha nyuma, wakae jikoni. Kule hakuna jicho."

Aliweka vikombe chini.

"Mgeni hapitishwi nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku. Akipita nyuma atajiuliza kuna nini mbele. Barabarani angalau mtu anaweza kusema amependa hewa."

"Mama, kifaa hiki ni cha wezi."

"Najua ni cha wezi," akasema. "Nilikusikia ukimwambia mume wako wezi ni akina nani. Kiswahili ninakijua, mwanangu. Ndicho nilichouzia samaki."

Hakuinua sauti. Kama angeinua ningepata pa kushika, ningejitetea, ningesema nilikuwa na hasira siku ile, kwamba sikumtaja mtu. Nilitaka kupiga magoti kama tunavyofanya kwetu mtoto akimkosea mzazi, lakini mtoto wangu mdogo aliingia akitoka shuleni, ameloa, na mama akageuka kumtafutia taulo. Nilipata nafasi ile jioni tu, chumbani kwake. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani akasema imekwisha. Alisema haraka, kama mtu anayemwonea huruma aliyepiga magoti.

Kesho yake nilipotoka, jirani aliniita. Alikuwa anasita.

"Mama wa butike, usikasirike. Ile benchi yangu, mama yako alikuwa anaikataa. Nilimwambia kila mara, kukala ku ndoo ni mubaya kwa muzee. Anasema hapana, banangoja tu gari."

"Kila mara?"

"Kila siku ya soko. Siye tulifikiri kwenu njo desturi."

Kumbe mtaa mzima uliona. Wale niliopita getini kwao kuomba msamaha kwa kelele waliona pia jambo ambalo sikuliombea msamaha, na kwa heshima wakaliita desturi yetu.

Nililiondoa jicho siku hiyohiyo. Vise zilikuwa zimekaza, moja ikapoteza kichwa, nikalazimika kuing'oa kwa koleo na kipande cha ukuta kikatoka nayo. Mume wangu aliporudi aliuliza kwa nini nimeharibu kazi nzuri. Nilimweleza yote. Akasema, "Lakini tulisema siye wawili tu ku telefone." Ilikuwa kweli, na haikunisaidia. Sumaku za mlangoni nilizibakiza, nikafunga mpya zinazovumilia mbao. Na telekomande ya pili nilimpa mama. Alijifunza siku ileile. Huwasha akienda kwenye shirika, huzima akirudi, na hajakosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyesahau na kuliza sirene, kwa sauti ya chini ya pamba yake, na jirani akacheka mezani kwake.

Wezi hawakupatikana. Polisi waliandika, wakaondoka. Watu wengine mtaani nao waliibiwa batri kwa namna ileile, mchana kweupe, watu ambao hawakuwahi kupokea mgeni hata mmoja kutoka ziwani.

Wale wanawake hawakuja tena siku za soko zilizofuata. Nilienda mwenyewe sokoni, nikawakuta nyuma ya mabeseni yao, nikawaambia sakafu imekauka. Yule mwenye mvi alicheka akanifungia ndagala nyingi kuliko nilizonunua, akakataa kabisa nimrudishie. Walikuja wiki iliyofuata. Walikaa, walikunywa, waliongea. Lakini waliongea polepole, na walipoondoka sikusikia harufu yoyote kwenye viti. Mabeseni yao walikuwa wameyaacha kwa jirani.

Mama bado anaishi nami. Ana afya, anaimba akiosha vyombo, anagombana na wajukuu. Lakini nikiwa nyumbani naye akitaka kutoka chumbani kwake kwenda mlango wa mbele, husimama kwanza mwisho wa koridoo, mkono kwenye fremu.

"Nipite?" huuliza.

Nimemwambia asiulize. Husema amesahau, kisha kesho yake huuliza tena, bila kinyongo, kama mtu anavyosalimia. Nami hujibu kutoka popote nilipo ndani ya nyumba, "Pita, mama," na huwa siwezi kumtazama hadi apite.